Neno "diligence": ni bidii, ni uangalifu, au ni kitu cha tatu?

Mfasiri wa Usiku

Wanajukwaa, habari zenu. Naleta swali ambalo huenda wengi wenu mmekwisha kulivuka bila kujikwaa, ila mimi limeniangusha.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafsiri mikataba na miongozo ya kazi kutoka Kiingereza, na katika muda wote huo neno "diligence" halikuwahi kunisumbua. Kila nilipokutana nalo niliandika "bidii", nikasonga mbele. Majuzi mteja mmoja alinirudishia kazi ya kurasa 40, na neno hilohilo limepigiwa mstari mwekundu mara 11. Ibara iliyoanzisha ugomvi ilisema kwamba mtunza fedha atatimiza majukumu yake kwa "diligence" ya mtu mwenye busara, nami nilikuwa nimeandika "kwa bidii ya mtu mwenye busara". Pembeni mhakiki aliweka sentensi mbili tu: "Huyu hatakiwi kutoka jasho. Anatakiwa kufungua macho."

Nilinuna siku nzima, kisha nikakubali kwamba ana haki. Mtunza fedha aweza kuwahi kazini kabla ya wenzake wote, akakesha na vitabu vya hesabu, na bado akalipa ankara moja mara mbili kwa sababu hakulinganisha namba ya ankara ya leo na ile ya mwezi uliopita. Bidii anayo tele. Kilichokosekana ni kitu kingine, na hicho kingine ndicho mkataba ulichokuwa ukikidai.

Nilipoanza kufuatilia, mambo yakazidi kuchanganyika. Katika ukurasa wa 23 kulikuwa na "due diligence", ambayo niliigeuza kuwa "bidii inayostahili", na nikiisoma leo naona aibu, maana pale kampuni ilikuwa inataka kukagua madeni, kesi na hatimiliki za kampuni nyingine kabla ya kuinunua. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mithali 4:23 inaagiza moyo ulindwe kwa "diligence" yote, ilhali Biblia yetu ya Muungano inasema "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo", pasipo bidii wala uangalifu kutajwa. Halafu nikakumbuka hadithi za zamani za Ufaransa ambamo wasafiri hupanda "diligence" na kushuka wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, kwa sababu humo neno hilo ni gari la farasi.

Je, hili ni neno moja lililobadilika, au ni maneno manne yaliyovaa kanzu moja? Na kama ni moja, lilianzia wapi, na mfasiri ashike lipi? Orodha ya visawe siihitaji, kamusi ninazo. Ninachotafuta ni mantiki ya safari yake.

Mchimba Mizizi

Ndugu Mfasiri, ni neno moja, na safari yake inaeleweka ukianzia mahali ambapo pengine hukupatarajia, yaani kwenye mapenzi.

Kiini chake ni kitenzi cha Kilatini *legere*, ambacho kabla hakijawa "kusoma" kilikuwa "kuokota" na "kuchagua", kama afanyavyo mtu anayechambua mbegu njema na kuacha makapi. Kitenzi hicho kilizaa ukoo mkubwa. Ukikusanya pamoja ulivyookota, ni *colligere*. Ukitoa mmoja kati ya wengi, ni *eligere*, ambako Kiingereza kilipata neno lake la uchaguzi. Ukipita bila kuokota, ni *neglegere*, na huko ndiko uzembe wa kisheria ulikozaliwa. Ukikitenga kimoja kando ya vingine kwa sababu umekithamini, ni *diligere*. Kwa hiyo "diligence" na "negligence" ni ndugu wa tumbo moja: mmoja aliinama akachagua, mwenzake alipita akaacha kitu chini.

Sasa tazama *diligere* ilivyotumika. Katika Vulgata, yaani Biblia ya Kilatini, amri ya kumpenda jirani inaanza na *diliges*, na katika Yohana 3:16, pale Mungu anapoupenda ulimwengu, kitenzi ni *dilexit*. Jaribu kuweka bidii yako hapo, Ndugu Mfasiri, uone Mungu anavyougeukia ulimwengu kama kibarua anayekimbizana na zamu. *Diligens* alikuwa kwanza mtu anayethamini kitu, kisha akawa mtu anayekitazama kwa makini kile anachokithamini, na mwishowe akawa mtu makini katika jambo lolote. Kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili si mbali. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa haambiwi na mtu ahesabu pumzi zake usiku. Anajikuta amekwisha kuzihesabu, na ya nne ikichelewa kidogo anainuka kitini.

Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, mwenyewe aliuona uhusiano huo. Katika kitabu chake kuhusu asili ya miungu, cha mwaka 45 KK, anasema wazi kwamba *diligentes* wanaitwa hivyo kutokana na *diligere*. Miaka kumi kabla yake, katika kitabu kuhusu msemaji, aliiita *diligentia* fadhila moja ambayo ndani yake zimo fadhila nyingine zote. Jambo linalonivutia ni mifano anayoitoa pale: msemaji aijue kesi yake mpaka ndani, amsikilize mpinzani kwa makini, adake si hoja zake tu bali maneno yake yote, na ausome uso wake. Hakuna jasho katika orodha hiyo. Kuna masikio na macho.

Kiingereza kililipokea neno katika karne ya 14 kupitia Kifaransa, na mwanzoni lilikuwa bado na joto la nyumbani. Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne hiyo, katika hadithi ya Griselda, anamsifu binti maskini kwa kumtunza baba yake mzee kwa utii na "diligence" yote ambayo mtoto aweza kumpa mzazi kwa heshima. Ukitafsiri hapo "bidii" hukukosea sana, lakini umempokonya binti yule nusu ya alichokuwa nacho.

Kwa ufupi, mhakiki wako anaungwa mkono na mzizi wa neno lenyewe.

Msomaji wa Pembeni

Nimefurahia maelezo ya Mchimba Mizizi, ila naomba nimkanyage kidogo kidoleni. Mzizi ni babu wa neno, na babu hatoi ushahidi juu ya mwenendo wa mjukuu. Neno la Kiingereza "nice" lilitoka kwenye Kilatini cha "asiyejua", na kwa muda fulani Waingereza walilitumia kwa maana ya mpumbavu. Leo ukimwambia mwenyeji wako kwamba chakula chake ni "nice" hakuna anayeitisha mashahidi kutoka Roma. Tukifuata mizizi peke yake, tutafika mahali tumkataze mtu kutumia neno lake mwenyewe.

Mchimba Mizizi ameruka hatua moja kubwa, nayo ni haraka. Kifaransa kililisukuma neno hili upande wa mwendo: mpaka leo Mfaransa akisema ufanye *diligence* anamaanisha ufanye upesi. Lile gari la farasi lililomchanganya Ndugu Mfasiri lilipata jina kwa njia hiyohiyo. Mwanzo liliitwa *carrosse de diligence*, gari la mwendo wa haraka, kisha watu wakachoka kusema maneno yote wakabaki na la mwisho. Waingereza nao waliyaita hivyo magari ya aina hiyo katika karne ya 18. Yaani fadhila ya moyoni ikaishia kuwa na magurudumu manne na farasi wanaotoka povu, jambo ambalo kwangu ni la kuchekesha kuliko mabadiliko mengine yote ya neno hili.

Wala haraka haikutoka angani. Neno la Kigiriki *spoudē*, ambalo watafsiri wa 1611 waliligeuza mara kwa mara kuwa "diligence", lina pande hizo mbili tangu zamani. Mariamu anapoondoka kwenda nchi ya milimani katika Luka 1:39, Biblia yetu inasema alikwenda "kwa haraka", na Kigiriki chake ni *spoudē*. Katika Warumi 12:8 msimamizi anaagizwa asimamie kwa *spoudē*, nasi tumeandika "kwa bidii". Mistari mitatu mbele yake, 12:11, neno ni lilelile, lakini Waingereza wa 1611 wakaacha "diligence" na kuandika "business", neno ambalo leo humpeleka msomaji sokoni moja kwa moja. Kwa hiyo Kiswahili hakikuota kuliweka neno hili karibu na bidii. Kilirithi kutoka kwenye maandiko ambamo kupenda, kuwahi na kujitahidi vilikuwa vimekaa benchi moja.

Shakespeare anazionyesha pande zote mbili ndani ya tamthilia moja. Katika King Lear, Kent amejibadilisha sura anaomba kazi kwa mfalme, anataja anavyoweza kufanya, na mwisho anasema kilicho bora kwake ni "diligence". Hapo ni utumishi wa mtu anayempenda bwana wake kiasi cha kurudi kwa siri baada ya kufukuzwa. Muda si mrefu baadaye mfalme anampa barua na kumwonya kwamba "diligence" yake isipokuwa ya kasi, yeye mfalme atafika kabla yake. Mtu ni yuleyule, neno ni lilelile, lakini kipimo kimekuwa mwendo wa barabarani.

Mfasiri wa Usiku

Nashukuru sana, wakuu. Bado nina donge moja kooni. Upendo nimeuelewa, uangalifu nimeuelewa, na haraka nimeielewa. Lakini jasho lilitoka wapi? Kiingereza cha leo kikimsifu mwanafunzi kuwa "diligent", picha inayokuja ni ya mtoto aliyeinamia daftari saa nyingi. Hapo "mwenye bidii" ni sahihi kabisa, au nimekosea tena?

Mchimba Mizizi

Hujakosea. Hapo bidii ni mahali pake, na namkubalia Msomaji wa Pembeni kwamba mjukuu ana maisha yake.

Kuhusu jasho, nadhani sehemu ya jibu imo katika adui aliyepewa neno hili. Mafundisho ya Kikristo yalipozipanga dhambi kubwa saba na kila moja kuwekewa fadhila ya kuipinga, "diligence" ilikuja kusimamishwa mbele ya uvivu. Sasa ukipambanishwa na mvivu kwa karne kadhaa, utaonekana mchapakazi hata kama hukuwa hivyo ulipoanza.

Lakini uvivu wenyewe umebadilika. Jina lake la kale ni *acedia*, na Evagrius, mtawa wa karne ya 4 aliyeishi jangwani Misri, alimwelezea mtu aliyepatwa nayo kwa namna ambayo kila mfanyakazi wa ofisini ataitambua. Mtawa amekaa chumbani mwake mchana. Jua linaonekana halisogei, siku inakuwa kama ina saa 50. Anatupia macho dirishani, anatoka nje kuangalia jua limefika wapi, anachungulia huku na huku kama kuna ndugu anayekuja. Anaanza kupachukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, na kuwaza mahali pengine ambako mambo yangekuwa rahisi zaidi. Huyu si mtu aliyelala. Anahangaika kutwa, ila moyo wake umekiacha kile alichokichagua.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aliufafanua uvivu huo kuwa huzuni juu ya jema la kiungu, na akaupinganisha na furaha itokayo katika upendo. Kwa kipimo hicho mtu anayekimbia mchana kutwa aweza kuwa mvivu, na mtu aliyetulia kitini akisoma ukurasa mmoja kwa saa nzima aweza kuwa na *diligentia* kamili. Baadaye uvivu ulipobaki kuwa kutofanya kazi tu, adui yake naye akabaki kuwa kufanya kazi tu. Naona neno lilipoteza zaidi hapo kuliko kwenye yale magurudumu.

Niongeze jambo la pembeni, kwa kuwa nasi hatuko nje ya mchezo huu. "Makini" ya Kiswahili ilikuwa utulivu, mtu asiye na papara, mwenye haiba. Leo tukimwambia mtu "kuwa makini" tunamaanisha aangalie asikosee. Sisi tulitoka kwenye utulivu tukafika kwenye uangalifu. Wao walitoka kwenye upendo.

Wakili wa Zamani

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini kwa kuwa swali lilianzia kwenye mkataba, naomba nichukue upande wa sheria, maana huko neno hili halikulegea hata siku moja.

Wanasheria wa Roma waliuliza hivi: mtu aliyepewa kitu cha mwenzake akakiharibu, tumpime kwa kipimo gani? Jibu moja lilikuwa *diligentia* ya baba wa familia aliye mwangalifu. Jibu jingine, kwa mfano kwa washirika wa biashara, lilikuwa uangalifu uleule ambao mtu huutumia katika mambo yake mwenyewe. Tazama, ndugu zangu, kwamba kipimo bado kimeshikamana na kupenda. Kila mmoja anajua jinsi anavyokagua kufuli la mlango wake mwenyewe.

Maneno "due diligence" yalipata umaarufu mkubwa katika ugomvi wa Marekani na Uingereza, na kisa chake ndicho ningempa mhakiki wako ili akitumie kama silaha. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majimbo ya Kusini yaliagiza meli ya kivita ijengwe Birkenhead, Uingereza, nchi ambayo ilikuwa imejitangaza kutofungamana na upande wowote. Ujumbe wa Marekani ulipeleka ushahidi kwamba meli ile si ya biashara. Makaratasi yakatumwa kwa mwanasheria mkuu mmojawapo wa serikali ili atoe ushauri, naye alikuwa ameugua vibaya akili, na bahasha zikakaa nyumbani kwake siku kadhaa bila kusomwa. Tarehe 29 Julai 1862 meli ikatoka bandarini kwa kisingizio cha safari ya majaribio, ikiwa na wageni waalikwa ndani, kisha wageni wakahamishiwa kwenye mashua ya kuvutia meli na kurudishwa, na yenyewe haikurudi tena. Ikawa ndiyo Alabama, iliyoteketeza au kuteka meli zaidi ya 60 za Kaskazini.

Mkataba wa Washington wa 1871 ukaandika kwamba serikali isiyofungamana na upande ina wajibu wa kutumia "due diligence" kuzuia meli ya namna hiyo isiandaliwe katika mamlaka yake, na mwaka 1872 baraza la usuluhishi lililokaa Geneva likaiamuru Uingereza ilipe dola milioni 15.5 kwa dhahabu. Baraza lilisema uangalifu huo upimwe kulingana na ukubwa wa hatari inayoweza kuwapata wengine. Ukiandika hapo "bidii", unamfanya msomaji aone kwamba maofisa wa Uingereza walikuwa wazembe wa kazi. Kumbe barua ziliandikwa, maafisa wa forodha walikwenda kuitazama meli, vikao vilifanyika. Kilichokosekana ni jicho la mtu mmoja juu ya bahasha moja kwa wakati wake.

Kutoka huko maneno hayo yalienea. Sheria ya Marekani ya mwaka 1893 kuhusu usafirishaji wa mizigo baharini ilimtaka mwenye meli aonyeshe "due diligence" ya kuhakikisha chombo kinafaa kwa safari, na Kanuni za Hague za 1924 zikafuata njia hiyo. Ile maana ya kampuni kuichunguza kampuni nyingine ilichipuka kutoka kwenye Sheria ya Dhamana ya Marekani ya 1933, iliyotungwa baada ya soko la hisa kuanguka. Kifungu cha 11 kinawawajibisha waliohusika na waraka wa kuuzia hisa wenye uongo, isipokuwa wale wanaoweza kuthibitisha kwamba walifanya uchunguzi wa kuridhisha na wakawa na sababu ya kuuamini. Ajabu ni kwamba kifungu chenyewe hakina maneno "due diligence". Mawakili ndio walioubatiza utetezi huo hivyo. Na kipimo cha uchunguzi huo, kwa maneno ya sheria yenyewe, ni kile cha mtu mwenye busara anaposimamia mali yake mwenyewe. Roma imerudi kupitia mlango wa nyuma.

Mwaka 1968 mahakama ya New York ilionyesha maana yake katika kesi ya BarChris, kampuni iliyokuwa ikijenga kumbi za mchezo wa kuvingirisha tufe na kuangusha vigingi. Mawakili na wadhamini wa mauzo walikuwa wameuliza maswali mazuri na kupewa majibu mazuri, lakini hawakuifungua mikataba yenyewe wala kufuatilia kumbukumbu za vikao ambazo zingewaonyesha ukweli. Mahakama ikasema kuuliza na kuamini hakutoshi.

Kwa hiyo, kwa ukurasa wako wa 23 andika "uchunguzi wa kina". Kwa ibara ya mtunza fedha andika "uangalifu". Na tafadhali usiandike "bidii inayostahili" hata ukitishiwa.

Msomaji wa Pembeni

Wakili umesema huko sheriani neno halikulegea. Naomba unisaidie jambo moja: mbona Scotland "diligence" ni jina la kumkamatia mdaiwa mali yake? Kuna hata sheria ya mwaka 2007 yenye neno hilo kwenye kichwa, na ndani yake hakuna mapenzi ninayoyaona.

Wakili wa Zamani

Umenishika. Ni kweli, katika sheria ya Scotland "diligence" ni kile ambacho sisi tunakiita kukaza hukumu: kuzuia mshahara wa mdaiwa mikononi mwa mwajiri, kumzuia asiuze nyumba, kukamata vitu vyake. Zamani ilikuwa na mbwembwe zaidi. Mdaiwa aliyekaidi amri ya kulipa alitangazwa kwenye msalaba wa soko kwa kupulizwa pembe mara tatu, na tangu hapo akahesabiwa mwasi dhidi ya mfalme, kana kwamba deni alilowiwa na jirani lilikuwa la mfalme mwenyewe.

Nadhani njia iliyofikisha neno huko ni ile ya kujitahidi kwa kila uwezo: mdai ametumia nguvu zote ambazo sheria inampa, na nguvu hizo zikachukua jina la juhudi yake. Tukifikiri vizuri, mdai naye ni mtu aliyekichagua kitu akaapa kutokiachia. Ila sitaki kumpa Mchimba Mizizi nafasi ya kusema kwamba huo pia ni upendo.

Mchimba Mizizi

Sisemi neno. Nimenyamaza.

Mfasiri wa Usiku

Nimerudi na ripoti. Kati ya zile sehemu 11 nimebadilisha 9. Mbili nimeziacha na "bidii", kwa sababu zinahusu wafanyakazi wanaosomeshwa na kampuni na kutakiwa kuhudhuria na kufaulu, na hata mhakiki amekubali kwamba hapo jasho linahitajika. Ibara ya mtunza fedha sasa inasomeka: "atatimiza majukumu yake kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara huutumia anaposimamia mali yake mwenyewe". Ni ndefu kuliko Kiingereza chake, lakini nilimpa mtu asiye na habari na mjadala huu aisome, akaniambia papo hapo, "Yaani ahesabu kama hela ni zake." Sikuongeza kitu.

Nilijaribu pia, kwa kujifurahisha tu, ile sehemu ya mwisho ya The Tempest, tamthilia ya Shakespeare, ambapo mchawi Prospero anamwita Ariel, roho anayemtumikia, "diligence yangu" na kumwahidi kwamba atakuwa huru. "Bidii yangu" imekuwa kama anazungumza na mkono wake wa kulia. "Uangalifu wangu" ni wa mlinzi wa ghala. "Mwaminifu wangu" iko karibu, ila Ariel yule ni mwepesi mno, anaruka na kurudi kabla bwana wake hajafumba mdomo, na uaminifu haurukiruki. Nimeshindwa. Mwenye jibu alilete.

Imebaki moja ya kazini, ukurasa wa 31. Upande mmoja unatakiwa kuendesha rufaa "diligently". "Kwa uangalifu" inaonekana kama anabeba mayai, na "kwa bidii" inamfanya apige kelele mahakamani.

Wakili wa Zamani

Hapo mahakama inaogopa mambo mawili: mtu kukata rufaa kisha akailaza, na mtu kuacha tarehe zikapita kwa kutofuatilia. Sema kwa kukanusha: "ataendesha rufaa bila kuchelewa wala kuzembea". Utakuwa umepata haraka ya Msomaji wa Pembeni, na ndugu wa tumbo moja wa Mchimba Mizizi pia yumo.

Mfasiri wa Usiku

Nimeichukua kama ilivyo. Sasa naingia ukurasa wa 32, ambako wameandika "reasonable endeavours", lakini hiyo nitaifungulia uzi wake kesho.